Mwaka Nilipokuwa Saa ya Mpira wa Umeme

Badi tulimzika Alhamisi baada ya Adhuhuri, na hitima yake ikasomwa Jumapili katika ukumbi wa kukodi hapa Hounslow, nyuma ya duka la mazulia. Mimi nilikaa kwenye kiti, si mkekani, kwa sababu magoti yangu yameacha kunitii. Kutoka juu ya kiti niliona mambo ambayo aliyeketi chini hayaoni: soksi zilizotoboka za vijana, sinia za biriani zikipoa chini ya karatasi ya fedha, wajukuu wa marehemu wakiulizana kwa Kiingereza ni juzuu gani bado haijasomwa. Nikaona pia mzee akiingia na fimbo, mrefu, mabega yameinama, akitafuta mahali pa kuegemea. Nilimtazama mpaka akaketi, ndipo nikamjua. Alikuwa Sefu. Tulikuwa hatujaonana zaidi ya miaka arobaini, tangu alipohamia kaskazini kuendesha mabasi. Namshukuru Mungu aliyeniweka hai mpaka siku ile, lakini nisiseme uongo, moyo wangu haukufurahi kumwona. Ulichoka. Haki ya mtu ukiibeba shingoni muda mrefu hufika mahali ukaacha kuusikia uzito wake, kisha mwenyewe anaingia mlangoni na fimbo, na uzito wote unarudi kwa pamoja.

Ukoo wangu na safari yangu ya kuja huku nitaviacha. Vimekwisha kusimuliwa na wengine na vinafanana. Nitasema habari za mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza London, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili na kuishi Southall katika nyumba ya Mzee Harbans. Huyu alikuwa Kalasinga, fundi seremala aliyezaliwa Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa chepesi kuliko Kiingereza chake. Yeye na mkewe walikaa chini, sisi watatu tulikaa juu: mimi na Badi chumba cha mbele, Sefu peke yake kile kidogo cha nyuma. Karatasi za ukutani zilikuwa na maua ya kahawia, na hita ya mafuta ya taa ilitia harufu kila nguo tuliyokuwa nayo, hata kanzu ya Ijumaa. Tulipika kwa zamu. Sefu alijua kitu kimoja tu, samaki wa kopo ndani ya nazi ya kipande, na Badi alisema kila mara, "Bwana Sefu, huyu samaki amekufa mara mbili, mwache apumzike." Wote wawili walikuwa wakiosha sinia za chakula cha abiria kule uwanja wa ndege, mashine moja, zamu moja. Mimi nilikuwa idara ya shuka na mablanketi. Waliniita Maalim, si kwa sababu ya umri bali kwa sababu nilikuwa nimehitimu chuo cha Kurani kwetu na kusomesha watoto miaka miwili kabla ya kusafiri.

Mpira wenyewe aliuleta Badi, kutoka mnada wa vitu vikuukuu uani mwa kanisa moja kule Hayes. Ulikuwa ubao wa bati wa kijani, mrefu kama mlango wa kabati, umechorwa mistari, na chini yake mna mota. Ukiutia umeme na kubonyeza swichi, bati lote hutetemeka na kunguruma, na watu wa plastiki, kila mmoja kama kidole gumba, huanza kutembea wenyewe juu yake. Si mpira wetu wa miguu. Ni ule wa Kimarekani wa kubeba mkononi, na sisi hatukuwa tumewahi kuuona ukichezwa. Unawapanga watu wako kumi na mmoja, mwenzako anapanga wake, mmoja anabebeshwa kitonge cha pamba ndicho mpira, swichi inabonyezwa. Mbeba pamba akiguswa na adui, swichi inazimwa na watu wanapangwa upya. Akivuka mstari wa mwisho, ni bao. Wakati mwingine mtu wako hugeuka akakimbilia kwenu, na Badi humpigia kelele kama anasikia: "We! We! Kwetu huko! Umesahau nini?"

Shida yetu ilikuwa wakati. Karatasi ya maelezo ilikuja imeraruka, na kipande kilichoeleza mchezo unahesabiwa vipi hakikuwemo. Tulijua tu kwamba una robo nne. Mwanzoni tulitazama saa ya ukutani, robo saa kwa kila robo, na tukagundua upesi kwamba aliyetangulia kufunga hana haja ya kucheza tena. Sefu akishaongoza alianza kupanga watu wake kama sonara, anamsogeza huyu unywele mmoja, anampuliza vumbi yule, na saa inakwenda. "Huu si mpira," Badi alisema, "hii ni posa." Kwa hiyo tukabadilisha. Wakati utahesabiwa pale tu bati linaponguruma, swichi ikizimwa na saa isimame. Hiyo ilikuwa haki, lakini kila mngurumo ulidumu pumzi tano au sita, na kuzikusanya pumzi hizo mpaka zitimize robo saa kulitaka siku nzima. Jumapili moja tulianza baada ya chakula cha mchana, na Maghrib ikatukuta hatujamaliza robo ya pili, bati limepata moto na Mzee Harbans amesimama ngazini. "Nyinyi watu wa pwani," alisema, "mke yangu anauliza kama mmefuga nyuki."

Njia ya tatu niliitoa mimi. Nilisema tuache saa, tuhesabu mingurumo. Nilikuwa na tasbihi ya punje thelathini na tatu, kila mngurumo punje moja, tasbihi ikizunguka mara moja ni nusu ya kwanza, ikizunguka mara ya pili mchezo umekwisha. Ikabaki ile kazi ya kupanga, maana bila mpaka Sefu angepanga mpaka Kiyama. Saa ya ukutani haikuwa na mshale wa sekunde. Saa ya mkono ilikuwa moja nyumbani, ya Badi, naye ni mchezaji, nani atamwamini? Nikasema nitasoma sura ya Kulhuwallahu mara tatu moyoni, midomo ikitikisika bila sauti, na nikimaliza nitainua kidole. Mwenye pamba ambaye hajamaliza kupanga, ngurumo yake imepotea na punje inavutwa; anayezuia akichelewa, swichi inabonyezwa watu wake wakiwa walivyo. Wakakubali mara moja. Mzee Harbans mwenyewe alikubali, akasema hiyo ndiyo saa ya kwanza ya Kiislamu anayoijua ambayo haimwamshi mtu alfajiri. Nilijiona mtu wa maana sana. Leo nikifikiri, kijana aliyefundishwa neno la Mungu akalifanya kifaa cha kupimia mchezo angepaswa kuona haya siku ileile. Sikuona. Niliona fahari.

Na hapa lazima nieleze jambo ambalo waliosoma chuoni wanalijua. Kuna kusoma kwa tartili, taratibu, kila herufi inapewa haki yake na kila mvuto unavutwa. Na kuna kusoma kwa hadri, haraka, bila kuvunja herufi. Zote ni halali. Kulhuwallahu tatu kwa tartili zinatosha mtu kupanga jeshi zima. Kwa hadri, hajamaliza safu ya mbele. Na kwa kuwa nilisoma kimya, hakuna aliyejua nimesoma ipi ila mimi na Mola wangu.

Idi kubwa ya mwaka ule iliangukia katikati ya juma, wakati wa baridi. Msimamizi wa zamu aliwaambia Badi na Sefu kwamba mashine ya sinia haiwezi kukosa watu wawili, mmoja apumzike na mmoja aje. Badi alikuwa hajaswali Idi na watu kwa miaka mitatu, kila mwaka zamu ilimkamata yeye. Sefu naye alikuwa na jambo lake, na jambo hilo nililijua mimi peke yangu. Wiki kadhaa nyuma alikuja chumbani Badi akiwa hayupo, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniomba nimwandikie barua mama yake. Yeye alisoma shule ya serikali, na mama yake alijua herufi za Kiarabu tu. "Mwambie asubuhi ya Idi nitampigia simu," alisema. "Saa tatu ya hapa, saa sita mchana ya kwetu. Aje mjini akae dukani kwa yule Mwarabu Mshihiri mwenye simu." Nyumba yetu haikuwa na simu. Simu ya mbali iliagizwa posta siku mbili kabla, kisha mtu anakwenda kungoja kwenye kibanda cha simu. Hakuwa ameisikia sauti ya mama yake kwa miaka minne. Nilimuuliza kwa nini asimweleze Badi, maana Badi angemwachia siku hiyo bila neno. Akatikisa kichwa. "Atanipa kwa huruma, halafu nimwone kila siku mashineni ananitazama kama yatima. Sitaki sadaka, Maalim. Nikipata, nipate kwa haki. Na wewe hiyo ni amana." Nikasema, "Amana."

Basi Jumapili iliyotangulia Idi wakakubaliana wacheze, na atakayeshinda apewe siku. Sefu ndiye aliyependekeza. Tulikula mapema, wali na maharage, na hakuna aliyeongeza. Mzee Harbans alipanda na kikombe chake cha chai akakaa juu ya sanduku langu la nguo. Sefu alikuwa na vidole vinene, vilivyokauka kwa maji ya sabuni, na akiwa na wasiwasi vilizidi kuwa vizito, lakini siku ile alicheza vizuri kuliko siku zote. Tasbihi ilipozunguka mara ya kwanza alikuwa mbele kwa bao moja. Badi alisawazisha mwanzoni mwa nusu ya pili. Zikabaki punje sita.

Nataka kuandika nilichokuwa nikifikiri, kwa sababu miaka yote nimejaribu kukipamba na hakipambiki. Ilikuwa Idi yangu ya kwanza ugenini. Mahali palipokodiwa kwa swala palikuwa mbali, mabasi mawili, katikati ya watu nisiowajua, na niliogopa kwenda peke yangu. Sefu hakuwa mtu wa maneno, naye akishinda, asubuhi ile angekuwa kibandani. Badi angenichekesha njia nzima. Hilo ndilo lililokuwa ndani. Juu yake nikatandika nguo safi: nikajiambia swala ya Idi ni kubwa kuliko simu, simu hupigwa siku yoyote. Nikaanza kumsomea Sefu kwa hadri.

Alipoteza ngurumo moja. Alinitazama kidogo, akasema, "Leo vidole vimelala." Badi alipopanga, nikasoma kwa tartili, nikavuta kila mvuto mpaka mwisho wake. Sefu akapoteza ya pili, mtu wake wa pembeni bado yu mkononi. Hapo Mzee Harbans akashusha kikombe. "Maalim," alisema, "leo midomo yako inakimbia kama gari la moshi la Kisumu. Kwa huyu express, kwa yule inasimama kila stesheni." Badi akacheka. Mimi nikainamia tasbihi. Ni Sefu aliyejibu, bila kuyaondoa macho kwenye bati. "Mwache Maalim, Mzee. Huyo hawezi kudhulumu."

Ningeweza kusimama pale. Zilibaki punje tatu. Ningesema nimekosea, tuzirudie zile mbili, na wangecheka yakaisha. Nikavuta punje. Katika mngurumo wa mwisho mbeba pamba wa Badi alizunguka mara mbili mahali pamoja kama mlevi, kisha akaenda moja kwa moja akavuka mstari, kwa sababu mtu wa pembeni ambaye angemzuia alikuwa bado amelala ubavu, hajasimamishwa. Badi alirukaruka mpaka mke wa Mzee Harbans akagonga dari kwa ufagio. Sefu alimpa mkono. Akakusanya watu wake mmoja mmoja akawatia kisandukuni, akaenda chumbani kwake.

Kesho yake alipeleka telegramu, simu ya maandishi, kumzuia mama yake asije mjini. Ilifika mjini, haikufika shamba. Siku ya Idi mimi na Badi tulikwenda kuswali. Badi alinichekesha njia nzima, kama nilivyotaka. Tulikumbatiana na watu wasiotujua, tukapewa halua katika karatasi, na nilikuwa na furaha, nakiri, mpaka ilipofika saa tatu. Ningeweza kwenda mimi kibandani nikamsemea. Sefu hakuniomba, nami sikujitolea, kwa sababu tangu Jumapili nilikuwa siwezi kumtazama usoni.

Baada ya mwezi ikaja barua, na kwa kuwa ilikuwa ya herufi za Kiarabu aliileta kwangu nimsomee. Badi alikuwepo, anapiga pasi. Mama aliandika kama wazee wetu wanavyoandika, salamu ndefu, habari za mbuzi, habari za jirani. Kisha, kwa mwandiko uleule usiopanda wala kushuka, aliandika kwamba alikuja mjini asubuhi ya Idi, akakaa dukani karibu na simu, ikalia mara mbili na zote zilikuwa za watu wengine, akangoja mpaka mwenye duka akataka kufunga aende kwake. "Sikukasirika, mwanangu. Najua kazi ya watu haina Idi." Maneno hayo niliyasoma kwa sauti yangu mimi. Sefu alikunja barua akaitia mfukoni. Alipotoka, Badi alisimama na pasi mkononi. "Kumbe ilikuwa hivyo?" alisema. "Angesema tu, ningempa. Wallahi ningempa." Nikasema, "Ndiyo, ungempa." Sikusema zaidi. Sefu aliagiza simu nyingine, barua ya kumwita mama ikaandikwa tena kwa mkono wangu, na kabla haijafika huko ikatangulia kuja ya kifo chake. Hiyo pia niliisoma mimi. Mwaka haukwisha, Sefu akahama.

Hizi ndizo habari nilizokuwa nazo kitini siku ya hitima. Dua ilipokwisha nilimfuata Sefu kwenye korido, alipokuwa amekaa karibu na viatu akingoja binti yake alete gari. Aliniita Maalim kabla sijafungua mdomo. Tuliulizana afya, tukamrehemu Badi, akacheka kidogo kwa kukumbuka samaki aliyekufa mara mbili. Kisha nikamwambia. Nilimwambia yote, tartili na hadri, nani nilimsomea ipi na kwa nini, hata ile hofu ya mabasi mawili. Watu walikuwa wakitupita wakichukua viatu vyao, na mimi nilikuwa nikisema kama mtu anayemaliza kuteremsha mzigo ngazini. Alisikiliza akitazama sakafu. Akasema, "Mzee Harbans alisema."

"Alisema."

"Na mimi nikakutetea."

"Ndiyo, ndugu yangu. Nimekuja kukutaka radhi."

Alivuta pumzi. Uso wake haukubadilika, ulikuwa umechoka tu kama wangu. "Iliyo yangu nimekuachia," alisema. "Nilikuwa kijana, nilikosa siku moja. Lakini zile saa za dukani hazikuwa zangu, Maalim. Zilikuwa zake. Siwezi kukusamehe kitu cha mtu mwingine. Hilo wewe unalijua kuliko mimi."

Nililijua. Nikamwambia basi niambie jina lake, ili nimwombee na nimtake radhi kwa jina, maana katika barua zote niliandika "mama" na yeye alijiandika "mama yako". Sefu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze. "Njoo kwa binti yangu Hayes, Ijumaa," alisema, na gari likafika.

Nimekwenda Ijumaa tano. Baada ya swala napanda basi, nashuka karibu na maghala, natembea polepole mpaka nyumbani kwa binti yake. Tunakunywa chai. Ananieleza habari za mabasi, za theluji za kaskazini, za marehemu mkewe. Jina hakunipa, nami sikulidai. Mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na sita anayejiandaa kwa mitihani, hutuletea chai na vitumbua vya dukani. Babu yake humwita Mwana. Anasikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, kama wetu wote. Ijumaa iliyopita alipoweka sinia, Sefu alimzuia kwa fimbo. "Mwambie mgeni jina lako kamili," alisema. Msichana akashangaa, akacheka, akalitamka kwa ulimi wa hapa hapa: Mwanakombo. "Nani alikupa?" Akasema ni babu, ni jina la mama yake babu.

Nilikuwa nimelisikia nusu yake kila Ijumaa na kulipokea pamoja na chai. Mwanakombo alitutazama sisi wawili, akauliza kuna nini, na Sefu akasema, "Huyu mzee ana habari ya mwenye jina. Kaa umsikilize."

Akaketi. Nikamsimulia kwa Kiswahili chepesi, bati na watu wa plastiki, punje na midomo, na sikujiachia mlango wowote wa kutokea. Nilipofika kwenye barua nilidhani ataniuliza kwa nini nilifanya hivyo, na jibu nilikuwa nalo tayari. Hakuniuliza hilo. Alikaa na kikombe mkononi, kisha akauliza, kwa Kiingereza chake, yule mama alirudije nyumbani duka lilipofungwa.

Sikujua. Katika miaka yote sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimemwacha pale dukani, amekaa.

"Kwa miguu," Sefu alisema. "Maili saba. Magari ya Idi yalikuwa yamekwisha."